Lenzi ya Maua ya Maharage

Damascène alianza na mbegu. Alizimwaga kwenye ungo mbele ya mlango wetu, hapa Juru: nyeupe, nyekundu, za madoadoa, na zile nyeusi zinazong'aa kama macho ya mbuzi. Akazipiga picha jua likiwa bado chini. Baadaye akapiga chipukizi lililoinamisha shingo na udongo ungali kichwani. Yakafuata majani mawili ya kwanza, kisha mche ukijizungusha kwenye kijiti alichokichomeka yeye mwenyewe. Hiyo ya mwisho aliipiga akiwa tayari na homa, ingawa alisema ni uchovu tu.

Zilikuwa mbegu za mama yake, Apollinarie, aliyevuka nazo kutoka Burundi akiwa amezishona ndani ya pindo la kitenge. Hapa kambi ya Nakivale, Uganda, zilikubali udongo, lakini kila baada ya misimu michache rangi moja ilipotea. Zile za manjano hatuzioni tena. Kwa hiyo mume wangu alitaka kupiga haragwe kutoka mbegu mpaka mbegu, ili siku rangi zote zikiisha, mtu ajue tulikuwa na nini. Kazi yake ya kutulisha ilikuwa kupiga ubatizo, komunyo ya kwanza, arusi, na zile picha ndogo ambazo ofisi hazichoki kuzidai. Maharage hakuna aliyemtuma.

Ua ndilo lililomshinda. Msimu uliopita alijaribu asubuhi nyingi, na kila mara lenzi yake ya kawaida ilikataa. Ukiisogeza karibu inatafuta, inanguruma kidogo kama nyuki ndani ya chupa, halafu inakupa ukungu. Ukirudi nyuma inakubali, ila ua limekuwa dogo kama punje ya chumvi.

"Ndani ya ua la haragwe kuna kitu kimejikunja kama konokono," aliniambia. "Mama alinifunulia nikiwa mtoto. Siku moja nitakuonyesha."

"Si ulifunue tu nione."

"Ukilifunua limekufa. Nataka ulione likiwa zima."

Akaanza kuweka akiba ya lenzi ya kupigia vitu vidogo. Pesa hiyo hakuigusa hata tulipomwita fundi wa paa. Kisha homa ikampanda, kituo cha afya kikatupeleka Mbarara, na Mbarara ikanirudishia mwili. Tulimzika hapa Juru, kwenye mteremko unaotazama mashamba, maharage yakiwa yamefika kiunoni.

Maua yalifunguka tukiwa bado kwenye mikeka ya matanga. Siku hiyo wageni walikuwa wachache. Nilitoka kumwaga maji nikayaona kwa mbali, mengine meupe, mengine ya zambarau, yamejificha chini ya majani kama yanavyofanya siku zote. Nilisimama pale na beseni tupu mkononi. Nilijua ua la haragwe halisubiri mtu. Linafunguka asubuhi, kesho limechoka, keshokutwa liko chini. Shamba zima likijitahidi sana litachanua wiki mbili na kitu, kama mvua haijalipiga.

Msimu ujao yatakuwepo maua mengine. Lakini yatakuwa ya maharage niliyopanda mimi. Haya ndiyo ya mwisho yaliyotoka mkononi mwake, na picha aliyoitaka ilikuwa ya haya.

Nilimwambia mama mkwe kwamba naenda Mbarara kununua kitu cha Damascène. Alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza ni kitu gani. Alisema tu, "Umfunge Inès kitambaa shingoni kabla hujaondoka, mtoto ana kikohozi."

Mjini nilizunguka njia ndefu ili nisipite mbele ya hospitali. Duka nililoelekezwa liko mtaa wa Nyamityobora, kati ya fundi viatu na mwanamke anayeuza unga. Ukutani kulikuwa na picha za wanajeshi pamoja na wake zao na watoto wao, wamevaa vizuri, wamesimama wima, hata watoto wachanga wamekazwa kama wako gwaride. Mwenye duka anaitwa Aloysius. Alikuwa askari, akapiga picha za familia za kambini miaka mingi, na alipostaafu akafungua mahali hapo pa kutengeneza kamera na kuuza zilizotumika. Watu wote walikuwa wanamwita afande, nami nikamwita hivyo; yeye kila mwanamke alimwita nyabo, yaani bibi.

"Karibu, nyabo. Unataka picha ya pasipoti?"

"Hapana, afande. Natafuta lenzi ya kupigia ua la haragwe."

Alivua miwani. "Evas!" akaita kuelekea nyuma. "Evas, kuja usikie! Watu wanakuja hapa na maneno ya arusi, maneno ya graduesheni. Huyu mama amekuja na maharage!"

"Kwani maharage haina sura?" mkewe akajibu kutoka uani. "Wewe na hiyo sura yako ulipigwa picha, hakuna mutu alishangaa."

Fundi viatu wa jirani alicheka mpaka akaacha nyundo. Aloysius hakujali. Alichukua kamera ya Damascène, akatoa lenzi yake, akachungulia mdomo wa kamera kwenye mwanga ili ajue lenzi zipi zitaingia. Aliipuliza vumbi taratibu. Nilipenda alivyoishika.

Kwanza nilimwonyesha lenzi iliyokuwa ndani ya kabati la kioo, ndefu, inayovutika, kwenye mkanda wake imeandikwa makro. Nilidhani nimejirahisishia kazi.

"Hiyo iache," alisema. "Kuandika makro pale ni kama mutu anaandika hoteli juu ya kibanda ya chai. Inakaribia kidogo tu, halafu inachoka. Makro ya kweli iko hivi: mududu akiwa na urefu ya ukucha, ndani ya kamera anaandikwa na urefu ya ukucha. Hapunguzwi hata kidogo. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Sasa kuja."

Uani Evas alikuwa na maua yake kwenye makopo ya rangi na mabeseni yaliyopasuka: mawaridi, na mengine ambayo siyajui. Alisogeza kiti chake kutupisha, akaendelea kumenya ndizi. Aloysius aliweka lenzi mbili juu ya gunia. Moja ilikuwa fupi, inajaa kiganjani. Nyingine ilikuwa ndefu na nzito, rangi imebanduka pembeni.

"Hizi zote ni makro ya kweli," alisema. "Hii fupi ni milimita sitini. Hii ni mia na tano. Ukubwa ya ua itakuwa moja tu, sawasawa. Tofauti ni wewe unasimama wapi."

Akafunga ile fupi kwenye kamera, akanipa. Kwenye waridi moja palikuwa na sisimizi. Alinionyesha nimkaribie, nikamkaribia, akasema bado, nikaendelea mpaka kioo kikakaribia kugusa petali. Kivuli cha kichwa changu kikaangukia ua, sisimizi akakimbia.

"Umeona? Kupata ile ukubwa, hii fupi inataka ua isikie pumuzi yako. Lakini ni nyepesi. Mukono hauchoki, haitetemeki sana, huhitaji stendi."

Akafunga ile ndefu. Sasa nilikuwa nyuma zaidi, kivuli changu kimebaki miguuni pangu, na sisimizi aliporudi hakunijali. Niliona nywele za shina la waridi. Lakini picha ilikuwa inaruka ndani ya dirisha la kamera kama mtu amelewa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka tangu mazishi.

"Ndefu inataka miguu tatu chini yake," alisema Aloysius. "Inataka stendi. Na zote mbili, usingoje kamera ikutafutie. Funga fokasi hapa, halafu wewe mwenyewe uende mbele na nyuma pole pole, kama mutu anasali. Na funga tundu ya mwanga, sababu kwa karibu hivi kitu inaonekana safi ni nyembamba kama karatasi. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu."

Halafu akaniuliza swali ambalo muuzaji mzuri lazima aulize.

"Nani atapiga? Wewe?"

"Mume wangu."

"Yeye anasimamaga namna gani?"

"Hasimami," nilisema. "Anaingia katikati ya mistari, anapiga magoti, anainamisha kichwa mpaka anakuwa chini ya majani. Anashika pumzi. Ana mkono mtulivu sana."

"Iko na stendi?"

"Anayo moja ya arusi, ila shambani haipendi. Anasema inakanyaga miche."

"Basi umemaliza. Ndefu ya nini? Mutu anapiga magoti ndani ya shamba yake, mukono hautetemeki, huyo ni wa hii fupi."

Nilikubali, nikalipa kwa akiba yake. Nilifurahi hata, kama mtu aliyemnunulia mumewe viatu akajua vitamtosha. Evas aliacha kumenya. Aliangalia kitambaa cheusi nilichofunga kichwani na kichwa kilichonyolewa chini yake. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka mlangoni na ndizi mbili zilizoiva.

"Za mutoto," alisema, ingawa sikuwa nimemwambia kama nina mtoto.

"Mwambie akishapiga aniletee hiyo ua ya maharage nione!" Aloysius alipaza sauti kutoka ndani.

"Nitamwambia, afande."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado na nguvu. Sikuingia ndani. Nilifunga lenzi kwenye kamera nikiwa njiani, nikaenda moja kwa moja shambani. Damascène alikuwa ameyazungushia maharage yake viazi vitamu ili mbuzi wapate cha kula kabla ya kufika kwenye maharage. Ndivyo alivyokuwa anasema, akicheka. Nilipofika kwenye viazi nikainua kanga nivuke.

"Mama Inès."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, amejishika kiuno. Yeye husema Kirundi. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lugha niliyokulia Buyenzi, mjini kule Burundi.

"Unakwenda wapi?"

"Kupiga picha, Mama. Maua yake."

"Ndani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu, nyumba iliyofiwa haiingii shambani. Majirani hulima kwa ajili yenu, hupalilia, huleta hata kuni, lakini ninyi wenyewe hamkanyagi udongo uliolimwa mpaka siku ya kuondoa matanga, ambayo sisi tunaiita kuganduka. Siku hiyo familia inaingia shambani pamoja, na ndiyo alama kwamba kilio kimefungwa na kazi imeanza. Wako wengi hapa kambini walioiacha desturi hiyo, kwa sababu njaa haina matanga. Mama mkwe hakuiacha. Na kuganduka kwetu kulikuwa kunamngoja Natanaeli, kaka yake Damascène, anayeishi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambaye bado alikuwa anahangaikia ruhusa ya kusafiri.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyaishi tangu mazishi. Lakini kule uani kwa Aloysius nilichagua lenzi ya mtu anayepiga magoti katikati ya mistari, na mtu huyo hayupo. Aliyebaki ni mimi, niliyetakiwa kusimama njiani.

Nilijaribu kutoka pale nilipokuwa. Mstari wa kwanza haukuwa mbali. Ningemrushia mtu limau akalidaka. Lakini kwenye kamera ua lilikuwa tone la maziwa juu ya kitu cha kijani.

"Si tukate shina moja, Mama? Nshimirimana anaingia kila siku kutupalilia. Aniletee ua moja tu."

"Alichopanda hakikatwi kabla hatujamaliza kumlilia," alisema. "Unataka kuvuna wakati yeye hata udongo wake haujakauka?"

Nilimpigia Aloysius simu. Nilimwomba anibadilishie, anipe ile ndefu, nitaweka stendi hapa njiani na nitaona nitakachoweza kuona.

"Ile mia na tano?" alisema. "Daktari ya meno ameichukua. Wanapigaga meno ya watu na hiyo. Lakini nyabo, bwana yako alikataa hii fupi?"

Nikamwambia kwamba tulishamzika.

Nilisikia anavuta pumzi, nikamsikia Evas nyuma yake anamuuliza kitu kwa Kinyankore, naye anamjibu kwa sauti ya chini. "Sasa mama," aliniambia hatimaye, "mbona hukuniambia ile siku? Ningekuuliza wewe unasimama wapi." Hakusema kwa hasira. Kisha akasema, "Tafuta mutu anaruhusiwa kuingia. Umupe kamera. Umuelekeze kwa mudomo."

Anayeruhusiwa alikuwa Nshimirimana, jirani yetu, mtu mnene mwenye mikono kama koleo, ndiye aliyekuwa anapalilia maharage yetu tangu mazishi. Alikuja kesho yake asubuhi, umande bado haujakauka. Nilimvisha mkanda wa kamera shingoni, nikamfungia tundu la mwanga, nikamfungia fokasi, nikamfundisha kwenda mbele na nyuma.

"Kama mutu anasali," nilisema.

"Mimi nasali nikiwa nimelala," alijibu. "Lakini tutaona."

Akaingia. Nikabaki njiani.

"Piga magoti, Nshimirimana!"

"Fasi gani? Kuna matope mingi hapa!"

"Hapo hapo. Sasa karibu. Karibu zaidi."

"Nikikaribia zaidi nitalimeza!"

"Rudi kidogo, kichwa chako kinaweka kivuli. Sasa ngoja upepo."

"Naungoja. Eh, Damascène! Na alikuwa anatuambia hii ni kazi laini! Mugongo wangu unalia!"

Wanawake wawili waliokuwa wanasukuma baiskeli yenye madumu walisimama kutazama. Mmoja alikuwa Mukakalisa, ambaye mdomo wake unajulikana Juru nzima.

"Nshimirimana!" aliita. "Unaposa maharage? Mke wako anajua?"

"Nyamaza! Unapeperusha ua na huo mudomo!"

"Mwambie basi anapendeza. Unampigia magoti bila kusema neno?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kilitoka kama kikohozi, kikaniumiza kifuani. Niligeuka nikaona mama mkwe ametoka kwenye kizingiti, amefunika mdomo kwa pindo la kitenge. Sikujua kama alikuwa anacheka au analia, na sikutaka kujua.

Nshimirimana alijaribu asubuhi kadhaa. Hakuchoka kabla yangu, namshukuru kwa hilo. Lakini upepo wa Ziwa Nakivale huamka mapema, na vidole vyake vilikuwa vikigusa kitufe kwa nguvu kama anabonyeza kengele. Kila alipotoka nilipokea kamera nikatazama. Jani safi kabisa, kila mshipa unaonekana, na ua mbele yake ukungu. Goti lake. Kijiti. Ukungu wa zambarau. Ukungu mweupe. Kulikuwa na moja tu ambayo ukingo wa petali ulikuwa safi, mwembamba kama uzi, umejikunja kuelekea ndani, na pale ulipokuwa unaingia ndani ndipo picha ilipofifia. Niliikuza kwenye kioo mpaka ikawa vipande vipande vya rangi. Konokono alikuwa humo. Sikumwona.

"Samahani, Mama Inès," alisema Nshimirimana. Alikuwa amesimama mbele yangu na matope magotini kama mtoto. "Mikono ya jembe ni ya jembe."

"Umefanya kazi kubwa."

"Msimu ujao yatatoa maua tena. Utaingia mwenyewe."

Nilimshukuru. Nikafuta matope kwenye mkanda wa kamera.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Tanzania. Maua mengi ya chini yalikuwa yameshaanguka; yaliyobaki yalikuwa juu, kwenye ncha za miche, na mvua moja nzito ingeyamaliza. Nilisimama tena kwenye ukingo wa viazi, kamera shingoni. Upepo ulikuwa umetulia kama unavyotulia kabla ya mvua. Mwanga ulikuwa laini, hakuna kivuli popote, ule mwanga ambao Damascène alikuwa akiuona anaacha chakula mezani. Mikono yangu, sijui kwa nini, haikuwa inatetemeka.

Mama mkwe alikuja akasimama kando yangu. Tulikuwa tunatazama mahali pamoja.

"Ndiyo yale?" aliuliza. "Yale ya juu?"

"Ndiyo, Mama."

"Natanaeli amepiga simu. Ruhusa bado."

"Nimesikia."

Halafu akasema, "Ingia basi. Wewe ni mtu mzima, na alikuwa mume wako. Sitakuita tena. Lakini ukitoka humo, wewe umeganduka. Utavua hicho kitambaa, utashika jembe lako. Kilio chako kimekwisha. Mimi wangu bado, nitaendelea peke yangu."

Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayekueleza njia ilivyo.

Nilitazama maua. Ningeruka viazi, ningepiga magoti, ningeshika pumzi. Pengine ningempa Damascène picha yake. Halafu ningetoka shambani nikiwa mtu ambaye mumewe amekwisha kuliliwa, na nyuma yangu kwenye mkeka abaki mwanamke mzee mmoja akimlilia mwanawe. Nilijaribu kuinua mguu. Kweli nilijaribu, nilihisi uzito ukihamia upande wa pili. Lakini sikuwa nimemaliza. Nilikuwa bado nasema "ana mkono mtulivu". Nilikuwa bado nasema "anapiga magoti".

Niliteremsha kanga. Nikafunika lenzi.

Mvua ilikuja mchana huo huo, mvua ya Nakivale inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Tulikaa ndani, mimi na mama mkwe na Inès, mlango ukiwa wazi. Inès alilala mapajani pa bibi yake. Ilipokatika nilitoka nikaona njiani maji yanateremka mekundu, na juu yake vipande vidogo vyeupe na vya zambarau vinakwenda nayo.

Natanaeli alifika baadaye, amekonda, na mfuko mmoja. Alimlilia ndugu yake pale kaburini kwa sauti ambayo sisi tulikuwa tumeshaizima. Tukaandaa kuganduka kwetu: misa, sahani za wali na maharage ya kununua, pombe ya ndizi kidogo, majirani. Kisha familia ikashika majembe ikaelekea shambani, Natanaeli mbele, mama mkwe nyuma yake, mimi nikiwa nimevua kitambaa, kichwa kikisikia jua. Nilikuwa nimebeba kamera pamoja na jembe. Hakuna aliyeniuliza.

Nilivuka viazi. Udongo ulikuwa laini. Nilipiga magoti katikati ya mistari, nikainamisha kichwa mpaka nikawa chini ya majani, na kweli, ile lenzi fupi ilikuwa ya mahali pale. Hakuna nyingine ambayo ingetosha mle ndani. Maua hayakuwepo. Kulikuwa na maganda machanga, ya kijani, membamba kama kidole cha mtoto mchanga, yenye nywele ndogo ndogo ambazo jicho tupu halizioni. Kwenye ncha ya ganda moja petali iliyokauka ilikuwa bado imeng'ang'ania, ya rangi ya kahawia, imekunjamana. Nilikwenda mbele na nyuma pole pole. Nikapiga.

Mama mkwe aliinama juu ya bega langu. "Nione."

Nilimwinulia kamera. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu macho yake si mazuri, akapangusa kioo kwa kidole chenye udongo, nacho kikachafuka zaidi.

"Ndicho alichokuwa anataka?"

"Hapana, Mama. Alitaka ua."

Alinirudishia kamera.

"Na mimi nilimtaka yeye," alisema.

Akachukua jembe lake, akaenda kwenye mstari uliofuata, akaanza kupalilia. Niliweka kamera juu ya majani ya viazi nikachukua langu. Magugu yalikuwa mengi, kwa sababu Nshimirimana alikuwa amepoteza asubuhi nyingi akipiga magoti mbele ya maua, na mpaka jua lilipozama tulikuwa hatujafika hata nusu ya shamba.